Huoza, humeng'enyeka au huyeyuka? Plastiki na kitenzi chake

Swali limetoka kwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, Tanga:

"Shikamoo mwalimu. Ninawaandalia wanafunzi wangu ukurasa mmoja kuhusu tafiti za plastiki, na sentensi ya kwanza tu imetugombanisha ofisini. Mimi niliandika: 'Plastiki huoza baada ya miaka 500.' Mwenzangu akasema plastiki haiozi, niandike 'humeng'enyeka'. Wa tatu akasema watoto hawatalielewa neno hilo, niandike 'huyeyuka', yaishe. Nani yuko sahihi? Na ile mifuko inayouzwa kwa maelezo kwamba inaoza yenyewe, tuiiteje?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na hukumu, maana najua ofisini mnaisubiri. Wa tatu amekosea kabisa. Wewe umekosea kitenzi, na umekosea tena mahali ambapo hakuna aliyepagusa, ile hu- ya mbele. Mwenzako wa pili ndiye aliyekaribia, ila mnyambuliko umemponyoka.

Sasa nieleze, na nitaanzia mbali kidogo.

Zunguka nyumba yoyote ya pwani usikilize watu wanavyozungumzia vitu vyao. Wali wa jana umechacha. Mahindi yamebunguliwa. Pazia la dirisha la magharibi limepauka. Kanga imechuja. Soli ya kiatu imelika upande. Bati limeota kutu. Ukuta wa mawe na chokaa unamomonyoka. Kitanda kimechakaa. Embe limeoza. Kuharibika, neno la jumla, lipo, lakini mtu aliyekishika kitu mkononi halitumii sana, kwa sababu anajua zaidi ya hapo. Hebu sema "ukuta umechacha" au "embe limechakaa" uone watakavyokutazama.

Kinachovitenganisha vitenzi hivi ni kwamba kila kimoja kimembeba mharibifu wake. Kuchacha kuna chachu ndani yake, hata sauti zinasema. Kubunguliwa kunamtaja dumuzi au fukusi bila kumtaja. Kupauka ni kazi ya jua, kumomonyoka mara nyingi ni ya maji, kulika ni ya msuguano, kuchakaa ni ya matumizi na umri. Msikilizaji akishapata kitenzi hana haja ya kuuliza kilichotokea. Kwa hiyo anayeandika sayansi kwa Kiswahili, kabla hajachagua kitenzi, ajiulize: hapa mharibifu ni nani?

Kwenye kuoza, mharibifu ni kiumbe hai. Wahenga hawakuwa na hadubini, lakini walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, na methali hiyo inashika kwa sababu kuoza kunahama. Kilichomo ndani ya samaki wa kwanza kinaishi, kinazaliana, na kinahamia kwa jirani. Ndoo ya plastiki ikipasuka ghalani haiambukizi ndoo ya pembeni yake. Jino huoza, kidonda huoza, gogo huoza, na kote huko bakteria au kuvu wamo kazini wanakula. (Kuvunda ni jamaa yake wa karibu, ila kuvunda kunaanzia puani: kitu kilichovunda kinanuka.)

Na kuoza si hasara siku zote. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, kina mama wana kazi ya kale ya makumbi, yale maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi. Huyafukia ufukweni, mahali panapofikiwa na maji ya kujaa na kupwa, wakayaacha humo miezi mingi. Siku ya kuyafukua, wakisema "yameoza" wanamaanisha yameiva kwa kazi. Hapo hupigwa, usumba, yaani zile nyuzi, ukatoka, zikasokotwa kamba. Ukiitazama kazi ile kwa jicho la maabara utaona kitu kizuri sana: bakteria wa tope wamekula ile gundi laini inayozishikanisha nyuzi, lakini nyuzi zenyewe wameshindwa nazo, kwa sababu zimejaa lignini, kitu kigumu kinachoupa mti ukakamavu wake. Kuoza kumechagua. Kumekula hiki, kumeacha kile. Kina mama hao wamekuwa wakipima muda wa kuoza vizazi na vizazi, na kipimo chao ni mkono: kumbi likibonyea na nyuzi zikiachana, tayari.

Nimeyakalisha makumbi hapa kwa makusudi, mwalimu. Yanakupa namna ya kumweleza mtoto kwa nini plastiki haiozi. Kumbi ni kitu ambacho viumbe wa ardhini na majini wamekutana nacho tangu minazi ianze kuangusha nazi. Wana zana za kulikata. Zana hizo ni vimeng'enya, na kila kimeng'enya hukata aina yake ya fundo. Polithini, plastiki ya ule mfuko tuliouita rambo kabla haujapigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, ni mnyororo wa kaboni wenye maelfu ya pingili, kaboni kwa kaboni, hauna fundo ambalo kimeng'enya cha kawaida kinaweza kulishika. Polithini hii ya viwandani ilipatikana kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1933. Kwa viumbe wa udongoni ni mgeni wa juzi.

Ni nini basi kinachoipata? Wewe mwenyewe umekwisha kukiona. Chukua lile gunia la plastiki la kufumwa, ambalo wengine huliita salfeti na wengine sandarusi, liache juani uani miezi kadhaa, kisha jaribu kuliinua. Linakuachia nyuzi mkononi. Linapukutika. Hilo ndilo neno, na ni neno la majani ya mti: jani linapopukutika halijaoza, limeachia tu. Miale ya jua ya urujuanimno imeikata minyororo ya plastiki, oksijeni ya hewani imejibandika penye majeraha, na kitu kilichokuwa kinapindika kimekuwa kikavu chepesi kuvunjika. Hatua ya kwanza ni kuchakaa, ya pili ni kupukutika. Vumbi linaloanguka ni plastiki ileile, imekuwa ndogo tu. Chembe zisizofika milimita 5 wanasayansi huziita maikroplastiki, jina lililoenea baada ya utafiti ambao Richard Thompson na wenzake wa Uingereza waliuchapisha mwaka 2004, walipozikuta kwenye mchanga wa fukwe na ndani ya maji ya bahari.

Ndiyo maana nakazania kitenzi. Mwanafunzi akisoma "plastiki imeoza" ataona akilini mwake udongo mweusi na mchicha unaoota juu yake. Akisoma "plastiki imepukutika" atauliza: vumbi lake limekwenda wapi? Swali hilo la pili ndilo ambalo maabara nyingi duniani zinahangaika nalo sasa.

Watafiti nao wanakutana na mtego uleule wa lugha, ila wao wana chombo cha kuukwepea. Kupima uzito wa kipande kilichokuwa udongoni hakutoshi, kwa kuwa uzito unaweza kupungua kwa kupukutika tu. Basi hukifungia kipande hicho na udongo au mboji ndani ya chupa isiyopitisha hewa, wakapima kaboni dioksaidi inayotoka. Viumbe wakila kaboni ya plastiki, wataipumua. Kaboni ikitoka kwenye pumzi yao, hapo kuna kuliwa kweli. Isipotoka, kuna vumbi.

Hapo ndipo neno la mwenzako wa pili linapopata haki yake. Kumeng'enya ni kitenzi tulichokizoea tumboni, mmeng'enyo wa chakula, na ndicho kilichotupatia kimeng'enya. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza bakteria waliyempata karibu na kiwanda cha kurejeleza chupa za plastiki mjini Sakai, wakampa jina Ideonella sakaiensis. Bakteria huyu hutoa vimeng'enya viwili. Cha kwanza hukata mnyororo wa PET, plastiki ya chupa za maji, cha pili hukikata kilichobaki kikawa vipande vidogo anavyoweza kula. Maabara, kwenye nyuzi joto 30, alimaliza utando mwembamba wa PET kwa takriban wiki 6. Utando ule ulikuwa laini katika mpangilio wa molekuli zake; chupa yenyewe imepangika kwa kubana zaidi na humshinda nguvu. Lakini kazi aliyoifanya ni kumeng'enya, hakuna shaka.

Sasa mnyambuliko. "Humeng'enyeka" na "humeng'enywa" hazilingani. Kauli ya kutendeka, hii yenye -eka na -ika, ina sura mbili. Inaweza kusema kitu kimefikia hali fulani: kikombe kimevunjika. Inaweza pia kusema kitu kinakubali kutendwa: njia inapitika, mzigo unabebeka. Kwa hiyo "plastiki humeng'enyeka" msomaji ataisikia kama "plastiki ni kitu chenye kukubali kumeng'enywa", kama uji wa mtoto. Tena mtendaji ametoweka. Kauli ya kutendwa inamrudisha: plastiki hii humeng'enywa. Na nani? Na bakteria fulani. Wapi? Kwenye joto hili. Kitenzi kinakulazimisha ukamilishe habari, na katika sayansi kitenzi kinachokulazimisha ni rafiki.

Vivyo hivyo usichanganye kumeng'enya na kutafuna. Mwaka 2024 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, walichapisha habari za lava (mdudu kabla hajakomaa) wa mbawakawa mdogo wa nafaka, anayekula polistirini, ile nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni ndani ya boksi. Panya naye hutoboa ndoo ya plastiki, lakini hakuna anayesema panya amemeng'enya ndoo. Habari ya lava hao ilikuwa na uzito kwa sababu watafiti walichunguza pia bakteria wa utumboni mwao, wanaodhaniwa ndio wenye kazi hasa.

Kuyeyuka nitalipitia haraka. Barafu huyeyuka, samli huyeyuka, sukari huyeyuka kwenye chai. Katika yote matatu kitu kimebadili umbo na asili yake imebaki. Wavuna chumvi wa pwani wanalijua hili: maji ya bahari yakikaushwa juani, chumvi inarudi vilevile. Plastiki nayo huyeyuka, ila kwenye moto. Ukimwambia mtoto kwamba ardhini plastiki huyeyuka, umemfundisha kwamba inatoweka kama sukari, wakati haijatoweka wala haijawa kitu kingine. Kati ya maneno yote matatu mliyogombania, hili ndilo litakalowapotosha wanafunzi kwa miaka mingi zaidi.

Tuje kwenye hu-. Kiambishi hiki tunakiweka kwenye mambo yaliyozoeleka, yaliyoonekana yakijirudia hata hayahitaji ushahidi: jua huchomoza mashariki, papai huoza, maji hujaa na kupwa. Ukisema "plastiki huoza baada ya miaka 500" umesema jambo hilo ni la kawaida, limeonekana. Nani ameliona? Polithini ya viwandani haijatimiza hata miaka 100 tangu izaliwe. Zile namba za 400, 500 au 1,000 zinazozunguka kwenye mabango ni makadirio, tena hutofautiana sana kufuatana na aina ya plastiki, unene wake, na mahali ilipotupwa: juu ya mchanga wenye jua kali au chini ya bahari penye giza na baridi. Kiswahili kina njia nzuri za kukadiria bila kudanganya. Andika "hukadiriwa kwamba", "huenda", "inaweza kuchukua". Hapo hu- imekaa kwenye kukadiria, ambako ni kweli inazoeleka, na plastiki umeipa wakati ujao unaoistahili.

Ninalisema hili kwa uchungu kidogo. Kwa hesabu iliyochapishwa na watafiti wa Marekani mwaka 2017, hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imetengeneza takriban tani bilioni 8.3 za plastiki, na katika iliyokuwa imegeuka taka, asilimia 79 ilikuwa imebaki kwenye majalala au imetapakaa ardhini na majini. Hu- moja iliyokaa vibaya inamfanya mtoto aamini kwamba mzigo huo umekwisha kuandikiwa tarehe ya kwisha.

Na ile mifuko. Nakuomba usiandike "mfuko unaooza" ukaishia hapo, hata kama muuzaji ameandika hivyo. Mwaka 2019 Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth walichapisha jaribio la miaka 3. Walichukua mifuko ya aina tano, ikiwemo iliyonadiwa kuwa inaoza, wakaiweka mingine udongoni, mingine baharini, mingine hewani. Baada ya miaka hiyo 3, mfuko ulionadiwa kuwa unaoza, uliokaa udongoni au baharini, ulikuwa bado unabeba bidhaa za dukani. Ile ya hewani ilikuwa imevunjikavunjika ndani ya miezi 9, lakini hayo ndiyo tuliyoyaita kupukutika. Aina moja ilitoweka baharini ndani ya miezi 3, nayo ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kugeuka mboji. Udongoni, hata hiyo ilikuwa bado inaonekana baada ya miezi 27, ingawa haikuweza tena kubeba kitu.

Kwa aina hiyo ya mwisho lugha yetu ina jina tayari, maana wakulima wanalo: plastiki ya mboji, au plastiki inayogeuka mboji. Jina hilo lina faida ya kutaja hali inayotakiwa. Mboji haijitokezei jalalani, inatengenezwa, ina joto lake na unyevu wake. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 kinataka angalau asilimia 90 ya kaboni ya plastiki hiyo iwe imegeuka kaboni dioksaidi katika muda usiozidi miezi 6, na vipimo hufanywa kwenye joto la mboji ya kiwandani, karibu nyuzi 58. Shimo la taka la nyumbani Tanga halifiki huko kwa urahisi. Kwa hiyo: "plastiki ya mboji, ambayo huoza kwenye mboji yenye joto kali". Refu kidogo, lakini hakuna atakayedanganyika. Ile mingine muiite tu plastiki. Mfuko mbadala mwanana kama kitambaa nao, kwa kawaida, ni nyuzi za plastiki zilizogandamizwa, msimwache mtoto adhani ni pamba.

Najua kuna atakayenikumbusha fundi bodi. Fundi bodi husema gari limeoza chini, na hapo hakuna bakteria, kuna kutu. Simkosoi. Gereji kila mtu anajua anachomaanisha, na maneno yana haki ya kutembea. Ukurasa wa sayansi ni mahali pengine: msomaji wake hajui bado, na kitenzi ndicho kitakachomjulisha.

Kama utahitaji jina la tendo, tumia uozaji au kuoza kwenyewe. Uozo umekwisha kuelemea upande wa maadili. Ukiandika "uozo wa ardhini" mtu atadhani unazungumzia ofisi ya viwanja.

Basi sentensi zako zingeweza kuwa hivi: "Mfuko wa plastiki ukiachwa juani huchakaa, kisha hupukutika kuwa chembe ndogo sana. Chembe hizo hazijaoza. Baadhi ya plastiki humeng'enywa na bakteria wachache, katika hali maalumu. Hukadiriwa kwamba plastiki nyingi itabaki ardhini na baharini kwa mamia ya miaka."

Na kama mna kipande cha bustani shuleni, kuna utafiti mnaoweza kuuiga. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walieleza njia ya kupima kasi ya kuoza kwa kufukia vifuko vya chai, kina cha sentimita 8, siku 90, kisha kuvifukua na kuvipima uzito. Walitumia chai ya kijani, ambayo huoza haraka, na rooibos ya Afrika Kusini, ambayo huoza polepole. Vifuko vyenyewe vilikuwa vya wavu wa nailoni, na hilo ndilo lililowezesha jaribio: chai inaliwa, kifuko kinabaki kizima cha kuinuliwa. Nanyi mnaweza kushona vifuko vya kitambaa cha wavu wa nailoni, mkatia majani makavu ya chai mliyoyapima. Kwenye maelekezo ya wanafunzi andika "fukieni", usiandike "zikeni". Kuzika tumewaachia wafu.